Kakati ya Dirishani

Bustani, kwa watu wengi, ni kipande cha ardhi. Akosaye ardhi huhesabiwa kuwa amekosa bustani, kama akosaye bahari asivyoweza kuitwa mvuvi. Mimi ni mmoja wa watu wengi wakaao Dar es Salaam katika nyumba za ghorofa, ambao ardhi yao ni sakafu ya saruji na mbingu yao ni upana wa dirisha. Hata hivyo ninayo bustani. Urefu wake ni hatua moja na upana wake ni shibiri moja, nayo imo juu ya kizingiti cha dirisha. Wakazi wake ni kakati. Si zile ndefu kama nguzo zionekanazo katika picha za majangwa, bali zile ndogo za mviringo, ambazo kichwa chake kimoja hutoshea ndani ya kiganja cha mtoto, zizaazo wenzake ubavuni mpaka zikawa shina zima, na zivaazo maua kila mwaka.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wanafunzi, mtu wa lugha amepata wapi mapenzi ya mimea ya miiba. Katika swali hilo mna maswali mawili. La kwanza lauliza kama jambo lenyewe si la kigeni. La pili lauliza kama mmea usiopikwa, usiotoa kivuli, na uchomao mkono unaoutunza, unastahili nafasi katika nyumba ya mtu. La kwanza nitalijibu kwa haraka kuliko la pili.

Kakati ni mgeni, hapana shaka. Asili ya jamii yake ni Amerika, tangu Kanada mpaka Patagonia. Ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ionekanayo pia katika Afrika, Madagaska na Sri Lanka bila kupandwa na mtu. Nayo haina sura ya jangwa hata kidogo, maana huning'inia juu ya miti katika misitu yenye mvua, pamoja na misitu ya Afrika Mashariki, ikazaa vitunda vyeupe mfano wa shanga. Nyingine zote zilivuka bahari kwa vyombo baada ya mwaka 1492. Lakini ugeni huo ni wa mahindi pia, na wa muhogo, karanga, nanasi, papai, pilipili na korosho. Sijamsikia mtu aliyesukuma sahani ya ugali kwa hoja kwamba mahindi si ya kwao. Na mpungate, ambao nao ni kakati, umekaa kwetu muda wa kutosha hata ukapewa jina lisilofanana kabisa na la Kizungu.

Neno kakati lenyewe ni msafiri. Wagiriki wa kale waliliita kwa neno kaktos mmea fulani wa miiba wa Sicily, wa jamii moja na alizeti. Mwaka 1753 Linnaeus alilichukua neno hilo kwa umbo la Kilatini akaipa mimea ya Amerika. Kwa hiyo watu waliolitunga jina hawakupata kuuona mmea unaoitwa kwa jina hilo leo, na mmea walioujua wao umeachwa bila jina lake. Sisi tumelipokea neno likiwa limekwisha hama mara moja, tukaliongezea irabu za kulitosha katika vinywa vyetu. Wengine huandika dungusi kakati. Mimi hutosheka na kakati, kwa sababu ni fupi na kwa sababu mimea ninayoisema ni mifupi vile vile.

Jambo moja zaidi kabla sijaliacha swali la ugeni. Watu wengi huita kakati kila mmea wa miiba usio na majani, na kwa kuwa nchi yetu ina minyaa na jamaa zake wengi, hudhani kakati imejaa porini. Hao si ndugu wa kakati. Wamefanana kwa shida na si kwa damu: kiu moja imewapa umbo moja. Ukimkata mnyaa hutoa utomvu mweupe mkali, wenye kudhuru macho. Lakini zimo kakati zitoazo maziwa pia, basi maziwa si ushahidi wa kutosha. Tazama miiba. Kwa kakati, miiba huchipuka kutoka kijito kidogo cha manyoya, na mahali pasipo na kijito hicho hapana kakati.

Sasa nije kwa mkazi mkuu wa dirisha langu. Wataalamu humwita Mammillaria prolifera. Sehemu ya kwanza ya jina yatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chuchu, maana mwili wake hauna mbavu kama wa kakati nyingine, ila umejaa vijinundu vilivyopangwa kwa mizunguko, na kila kijinundu kimebeba miiba yake nchani. Sehemu ya pili maana yake ni mwenye kuzaa. Philip Miller ndiye aliyemwandika kwa sifa hiyo mwaka 1768, na hakumsingizia. Kichwa kimoja, kiasi cha ncha ya kidole gumba, huzungukwa na vichipukizi mfano wa vifaranga; navyo huzungukwa na vyao, mpaka chungu kizima kikafunikwa na mto mmoja wa miiba ya rangi ya majani makavu, iliyochanganyika na nywele nyeupe. Mkulima wa ndizi atalielewa jambo hili bila ya kuelezwa. Katika shina la migomba husemwa yupo mama, yupo binti na yupo mjukuu. Tofauti ni kwamba mgomba ukisha kuzaa huanguka, ambapo mama wa kakati huendelea kukaa katikati ya wanawe, akizeeka pole pole, akigeuka rangi ya gome upande wa chini.

Maua yake ni madogo, rangi ya siagi, kila jani la ua lina mstari mwekundu uliofifia katikati. Hayatoki nchani penye miiba, bali katika mabonde yaliyo baina ya vijinundu, na hukizunguka kichwa kama taji. Baada yake huja matunda membamba, mekundu kama pilipili kichaa, ambayo hudumu muda mrefu kuliko maua yenyewe. Wapo wapendao kakati zenye maua makubwa, na siwalaumu. Lakini ua kubwa la kakati aghalabu hufunga biashara yake kwa siku moja au mbili, na mwenye kusafiri hukosa fungu lake la mwaka mzima. Huyu wangu hutoa kidogo kidogo, kichwa hiki leo na kile kesho, na tunda la mwaka uliopita likakutana na ua la mwaka huu juu ya shina moja.

Sikumchagua kwa uzuri tu. Asili yake ni Kuba na kisiwa cha Hispaniola, na bara kaskazini mwa Mexico mpaka Texas. Basi anayo habari ya joto la visiwa na hewa yenye chumvi. Hili ni jambo kubwa kwa mtu wa pwani. Vitabu vya ukulima wa kakati vimeandikwa zaidi na watu wa nchi za baridi, na mmea usifiwao humo kuliko yote kwa wanaoanza ni Rebutia, jamii ya milima ya Bolivia na Argentina, iliyopewa jina na Schumann mwaka 1895 kwa heshima ya Pierre Rebut, mfanya biashara wa kakati wa Ufaransa. Ni mmea wa ajabu. Maua yake hutoka chini ubavuni, mekundu au ya rangi ya chungwa, mengi hata yakalifunika shina lililoyazaa. Lakini huyapata maua hayo baada ya kupumzika katika baridi kavu, na baridi ya Dar es Salaam, ambayo mwezi wa Julai hushuka kiasi cha nyuzi 18 alfajiri, kwake ni mzaha. Rafiki yangu aishiye Njombe anaye Rebutia, na kila mwaka hunipelekea picha za kunitesa. Kila nchi na mmea wake. Atakaye kumlazimisha mkazi wa mlima akae bandarini atapata mmea mrefu, mwembamba, uliopauka, usio na ua hata moja.

Nimeahidi kulijibu swali la pili, nalo ni la thamani. Mmea huu una faida gani? Faida yake ya kwanza kwangu ni ya elimu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya pumzi mchana, penye jua, na maji hupotea humo kama mvuke. Kakati hufanya kinyume. Mchana hufunga milango. Usiku, hewa inapopoa, huifungua, akavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba mwilini kwa namna ya asidi. Kukipambazuka hufunga tena, akaitumia akiba ile kujifanyia chakula kwa nuru ya jua bila kuruhusu maji yatoroke. Kwa sababu hiyo nyama ya kakati ni chachu zaidi alfajiri kuliko jioni. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilitoka kitandani usiku nikaenda dirishani, ingawa nilijua hapana nitakachokiona. Hapakuwa na kitu ila miiba katika giza. Lakini nilifurahi kujua kuwa wakati nyumba yote imelala yupo mmoja aliye kazini.

Faida ya pili ni kwamba humfundisha mtunzaji kuizuia mikono yake. Sisemi hivyo kwa fumbo. Nasema habari ya maji. Kakati nyingi za nyumbani hufa kwa kupendwa. Wahenga walijua kuwa mgomba haumei changaraweni. Kakati haimei penginepo. Udongo wangu ni fungu moja la mboji iliyooza vizuri, fungu moja la mchanga mnene wa mtoni, na fungu moja la kokoto ndogo pamoja na vipande vya matofali yaliyopondwa. Mchanga wa pwani haufai kwa chumvi yake. Chungu kiwe kipana na kifupi, maana mizizi yake haiendi chini sana na shina hutaka kutambaa. Nacho kiwe na tundu, na chini yake kisikae kisahani chenye maji. Katika miezi ya joto humwagilia maji mengi mara moja, kisha huacha mpaka udongo umekauka wote, si juu tu. Katika masika, hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, hata juma mbili hupita bila maji. Na kinapoingia kipupwe, tangu Juni mpaka Agosti, humpa tone la kumzuia asinyauke sana, basi. Hujikunja, huzama kidogo udongoni, rangi yake hufifia, na mgeni aingiaye hunihurumia. Hiyo ndiyo kazi ya kipupwe. Mmea ushibao mwaka mzima huongeza mwili. Ulionyimwa kwa majira yake huongeza maua. Septemba nikimnywesha tena, vichipukizi vya maua huonekana baada ya majuma machache.

Dirisha langu latazama kaskazini, na katika mji huu hilo ni bahati. Tangu mwanzo wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande huo, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo mimea yangu hupata jua zaidi wakati wa baridi na kivuli chenye nuru wakati wa hari kali. Adui mkubwa ni vidung'ata, wadudu weupe wenye unga, wajifichao baina ya vichwa vilivyobanana. Huwaua kwa brashi ndogo ya rangi iliyochovywa spiriti, mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, nayo hunifaa siku nikiwa na marundo ya mitihani ya kusahihisha.

Lakini faida iliyonifanya niandike ni nyingine. Kakati hii nilipewa na bibi mmoja jirani yangu, katika mtaa niliokaa kabla ya kuhamia ghorofani. Watoto wote wa mtaa walimwita Bi Mkubwa, nami nikafuata. Barazani kwake palikuwa na makopo ya maziwa ya unga, yaliyotobolewa misumari chini, na ndani yake zimo kakati zilizobanana hata makopo yenyewe yalikuwa yakipasuka. Nilisimama kutazama. Akanyosha mkono, akamega kichwa kimoja bila kujali miiba, akakiweka ndani ya kipande cha gazeti. Akasema, "Chukua, mwanangu. Muweke siku tatu apone kidonda, ndipo umpande. Wala usimpe maji mpaka akuombe."

Mimi ni mwalimu wa sarufi, na sikio langu halipumziki hata likizoni. Nilimwuliza kwa nini aliusema mmea kwa ngeli ya watu. Kwa kanuni nizifundishazo darasani, mti ni huu, na mche ni huu. Huyu ni mtu, au mnyama, au mdudu. Alinitazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa kwa nini anameza mate. "Azaliaye mbele ya macho yangu," akasema, "nimwite kitu?"

Sikuibadili kanuni kwa jibu lile, wala siwashauri wanafunzi waliandike katika mtihani. Lakini msomaji ameona kuwa katika kurasa hizi nimekuwa nikimsema mkazi wa dirisha langu kama alivyomsema Bi Mkubwa, na sikufanya hivyo kwa kughafilika. Upatanisho wa ngeli ni namna ya kupima heshima. Tunamwambia kipofu huyu na si hiki, ijapokuwa umbo la neno ladai hiki, kwa sababu yuko mtu nyuma ya neno. Bi Mkubwa aliipeleka hoja hiyo hatua moja mbele kuliko vitabu.

Alifariki mwaka 2016. Nyumba iligawanywa, baraza likavunjwa kupisha maduka, na makopo yalikwenda na kifusi. Hapana aliyekusudia ubaya. Warithi walikuwa na haraka, nao waliona kutu na miiba. Mjukuu wake mmoja, aliyekuwa masomoni mbali wakati wa msiba, alikuja kwangu baada ya mwaka kuuliza kama nina picha ya bibi yake akiwa barazani. Sikuwa na picha. Nilimpeleka dirishani.

Hapa elimu ya mimea yasema jambo ambalo maneno ya kawaida hayalisemi. Tumezoea kuita chipukizi mtoto, nami nimefanya hivyo hapo juu. Lakini mtoto halisi wa kakati ni yule atokaye katika mbegu, mwenye baba na mama, au mwenye mzazi mmoja aliyejichavusha mwenyewe. Chipukizi halikupitia ua wala mbegu. Ni mwili ule ule, uliozidi ukubwa na kumegeka. Shina lililokuwa dirishani kwangu halikuwa binti wa shina la barazani, lilikuwa lenyewe. Lile lililotupwa lilikuwa sehemu yake moja, na sehemu nyingine zilikuwa hai kwangu na katika nyumba nyingine nyingi za mtaa ule. Nilimega vichwa vinne nikampa binti yule katika kipande cha gazeti, nikamweleza habari ya siku tatu na habari ya maji. Hakulia, wala mimi sikulia, lakini tulikaa kimya kwa muda.

Tangu siku ile nimekuwa mkali kidogo juu ya namna watu wapatavyo kakati zao. Mwaka 2015 wataalamu waliopima aina 1,478 za kakati walitoa habari kuwa asilimia 31 zimo hatarini kutoweka, na mojawapo ya sababu kubwa ni watu wazichimbao porini kwa kuwauzia wenye mikusanyo. Karibu jamii yote ya kakati imo katika mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Mammillaria pectinifera, jamaa wa huyu wangu, kijimmea cha Mexico kisichozidi ukubwa wa sarafu chache, imo katika orodha ya kwanza ya mkataba, inayokataza biashara ya mimea iliyong'olewa mwituni. Yeye hakujaliwa uzazi mwingi. Mara nyingi hukaa peke yake, na akichimbwa hakuna abakiye mahali pake. Mtu atamaniye kijimmea cha namna hiyo kwa sababu ni adimu ndiye amfanyaye awe adimu zaidi. Mwenye kuuza shina lenye makovu, lililokatwa mzizi mnene na kugeuka gome chini, aulizwe limetoka wapi. Na asipojibu, mikono irudi mfukoni.

Na upande wa pili wa jambo hilo hilo: kisimwagwe kichwa hata kimoja nje ya ua. Watu wa Laikipia, nchini Kenya, wajua mpungate mgeni umefanya nini katika malisho yao. Ulipandwa kwa pambo na kwa ua, tembo na nyani wakala matunda na kutawanya mbegu, na mifugo hujeruhiwa vinywa na matumbo na miiba midogo ya matunda yake, hata imebidi kuachilia mdudu maalumu, Dactylopius opuntiae, aunyonye na kuudhoofisha. Miiba ni ile ile. Tofauti yake na bustani ni mpaka wa chungu. Nikiwa na vichwa vilivyozidi huvigawa, na visipopata mwenyewe huvikausha kabisa juani kabla ya kuvitupa.

Mwaka huu kipupwe kimekuwa kikavu, na nimehesabu vichipukizi vya maua thelathini na saba kwenye shina kubwa, ambalo nililihamishia chungu kipya. Mjukuu wa Bi Mkubwa ana kazi sasa huko Dodoma, penye jua kali na mvua chache, na kakati zake zimenona kuliko zangu. Juzi ameniandikia kuwa kichwa kimoja kimetoa tunda jekundu, la kwanza, naye hajui alifanye nini. Nimemjibu kuwa tunda hilo laliwa. Utamu wake ni mdogo na uchachu wake mdogo, na mbegu zake nyeusi ni ndogo kama chembe za baruti. Alionje nusu. Nusu nyingine aisambaze juu ya mchanga mbichi katika kisahani, akifunike kwa kioo, akiweke kivulini, na baada ya majuma mawili au matatu atazame kama yuko aliyetokeza.